Vidole Viwili Nje ya Mstari

Mashoto alicheza tenisi ya kulipwa kwa miaka kumi na minne, lakini watu walimkumbuka kwa mpira mmoja tu.

Jina hilo alilipata shuleni, kwa sababu kila kitu alikishika kwa mkono wa kushoto, kuanzia kalamu mpaka fagio, na alipoanza kushika raketi ndipo likamganda kabisa. Alipotimiza miaka kumi na saba, kaka yake aliacha kazi ya ualimu akawa kocha wake, na wawili hao wakaanza kuzunguka dunia kwa mabasi na ndege za bei ya chini. Walicheza mechi za mchujo asubuhi na mapema mbele ya watazamaji sita, wawili kati yao wakiwa wafagiaji. Walifua nguo kwenye masinki ya nyumba za wageni, wakaanika soksi juu ya raketi. Alichukua vikombe sita vidogo. Mwaka mmoja alifika nafasi ya sabini na nne duniani akakaa hapo wiki tisa. Akiwa na miaka thelathini na moja bega lilimgomea. Daktari alimpasua mara mbili, na mara ya pili akamwambia kwamba bega lile sasa linatosha kuchania nywele, basi.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na minne, akifundisha kwenye klabu ya mjini kila asubuhi. Wanafunzi wake walikuwa watu wa maofisini waliotaka kutoka jasho kabla ya kazi, na wengi walipiga mpira kama mtu anayefukuza nzi. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba kila mwanafunzi mpya, wiki ya kwanza tu, akifunga kamba za viatu, humtazama kwa macho laini na kuuliza kama ni kweli yeye ndiye yule wa ule mpira.

Alikuwa ndiye. Miaka kumi na sita nyuma, mashindano makubwa ya kimataifa yalifanyika nyumbani, na Mashoto akafika robo fainali. Seti ya tatu aliongoza gemu tano kwa nne, akabakiza pointi moja tu ashinde. Mpinzani wake akapiga mpira mrefu wa pembeni. Mwamuzi wa mstari, mwanamke aliyeketi kwenye kiti chake cha ukutani, akanyoosha mkono akaita, "Nje." Uwanja mzima ukasimama. Mechi ilikuwa imekwisha, Mashoto ameshinda. Lakini mchezaji anaruhusiwa kusahihisha wito ambao umempendelea yeye mwenyewe, na Mashoto alikwenda kwa mwamuzi mkuu akamwambia hapana, mpira uligusa mstari, yeye ameuona. Mwamuzi mkuu akamuuliza mara mbili. Akashikilia neno lake. Pointi akapewa mpinzani, na baada ya hapo mambo yakaenda mrama: seti ikamponyoka, na mechi pia. Watu wakamshangilia dakika tano nzima, wengine wakilia. Mpinzani akaenda zake nusu fainali, kisha fainali.

Tangu siku ile hakuna aliyemuuliza kitu kingine. Shule zilimwalika azungumze na watoto juu ya uaminifu. Kampuni ya sabuni ilitaka picha yake. Kaka yake, kwa upande mwingine, alikaa karibu miaka miwili akimfundisha bila kumwambia neno ambalo halikuhusu mazoezi. Mashoto alijua sababu, au alidhani anaijua. Mtu ameacha kazi yake kwa ajili yako, halafu unaitupa robo fainali kwa mdomo wako mwenyewe. Alimwacha anune.

Mwaka huu mwenyekiti wa chama cha tenisi alimwita ofisini akiwa na uso wa sherehe. Klabu ilikuwa imejenga uwanja mpya wenye jukwaa la kukaa watu mia nne, na chama kiliamua uwe kumbukumbu yake. Mashoto aliondoka pale akiwa mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Siku tatu baadaye alipita kuangalia mafundi wakipachika bango, akakuta limeandikwa kwa herufi kubwa za buluu: UWANJA WA UAMINIFU.

Alirudi kwa mwenyekiti. Alijikaza kisabuni, akauliza kwa upole jina lake liko wapi. Mwenyekiti akacheka kwa wema, akasema jina ni kitu kidogo, uaminifu ndilo jina lake halisi, kila mtu atajua ni nani. Kisha akamwonyesha filamu fupi waliyoitengeneza kwa ajili ya uzinduzi. Ilikuwa ya dakika nane. Ndani yake utoto ulipata dakika moja, bega nusu dakika, na zilizobaki zote ni ule mpira: mara upesi, mara polepole, mara umechorewa duara jekundu. Kamera ilikuwa juu nyuma yake, na kila walipourudia Mashoto aliona kitu kilekile, mgongo wake mwenyewe umeuziba mpira.

"Vikombe sita viko wapi?" aliuliza.

"Dada yetu, watu hawalii kwa ajili ya vikombe," mwenyekiti akasema.

Na hapo mwenyekiti alisema kweli. Alitoka akiwa amekasirika, na hasira ile haikuwa na pa kwenda. Utamgombezaje mtu anayekusifu?

Ilikuwa wiki hiyohiyo, baada ya darasa la asubuhi, alipokuta mwanamke wa miaka sitini na kitu amekaa kwenye benchi kando ya uwanja namba mbili, mkoba mapajani, mgongo umenyooka kama anasubiri kuitwa kwenye usaili. Mashoto akamwamkia shikamoo, akadhani ni mama wa mmoja wa wanafunzi. Mama akaitikia, akamtazama kidogo, akasema, "Hunikumbuki. Siku ile hukunitazama hata mara moja."

Alikuwa mwamuzi wa mstari.

Alieleza mambo yake taratibu, bila kupandisha sauti. Maisha yake yote alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha nguo. Kitambaa kilipita mbele yake kwenye meza yenye taa chini, mita kwa mita, na kazi yake ilikuwa kuona uzi mmoja uliokatika. Uamuzi wa tenisi aliufanya siku za mapumziko kwa sababu aliupenda, na kwa sababu macho yake hayakujua kupumzika. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kulalamikia wito wake. Siku ile, mbele ya watu elfu tatu, mchezaji alisema kwamba mwamuzi amekosea, na watu wakampigia makofi mchezaji. Zamu ilipobadilika alitolewa. Hakuitwa tena mashindano yoyote. Kiwandani wenzake walimletea miwani ya plastiki wakaiweka juu ya meza yake, na mzaha huo uliendelea miaka. Alikuwa amestaafu mwaka jana, na bado kuna waliomwita Miwani.

"Sikuja kukulaumu kwa hayo," alisema. "Nimesikia wanafungua uwanja. Nimekuja kukwambia kwamba mpira ule ulikuwa nje. Vidole viwili." Akaweka vidole viwili kwenye ubao wa benchi, kwa uangalifu, kama anapima. "Nataka uwaambie."

Mashoto alimwambia kwamba yeye aliuona mpira kwa macho yake, na kwamba aliutoa ushindi wake kwa sababu hiyo, na hakuna mtu anayeutoa ushindi wake kwa kubahatisha. Mama hakubishana. Alimuuliza swali moja tu: alikuwa amesimama wapi?

Mashoto alijaribu kukumbuka. Alikuwa akikimbia kutoka upande wa pili, jasho machoni, na mpira ulitua mbele ya bega lake akiwa bado mwendoni. Alikuwa amekisimulia kisa kile mara nyingi mno, kwa watoto wa shule na kwa waandishi, hata alipojaribu sasa kuuona mpira wenyewe, aliona filamu ya mwenyekiti. Mama alisimama, akasema atakuja siku ya uzinduzi, akaaga.

Alibaki mtu mmoja wa kuulizwa. Siku ile kaka yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha makocha, na kiti hicho kilikuwa mwisho wa mstari uleule, kikitazamana nao moja kwa moja.

Kaka yake sasa alikuwa na duka la vifaa vya michezo, na Mashoto alimkuta nyuma ya kaunta akifunga nyuzi mpya kwenye raketi ya mtu. Alimuuliza bila salamu. Kaka aliendelea kuvuta uzi, akaukaza, akaufunga fundo, akakata. Ndipo akasema, "Ulikuwa nje."

"Ulijua?"

"Nilikuwa naangalia mstari. Ningekosaje kujua?"

Mashoto alimuuliza kwa nini basi hakusema, siku ileile, au kesho yake, au katika miaka yote kumi na sita. Kaka akasema kanuni za wakati ule hazikumruhusu kocha kufungua mdomo wakati wa mechi, na alipokuwa akiteremka ngazi kumfuata chumba cha kubadilishia nguo, alikuta watu wamembeba juu juu. Magazeti, redio, kila mtu. Akafikiri atamwambia mambo yakipoa. Hayakupoa.

"Miaka miwili hukuzungumza na mimi. Nilidhani umenikasirikia kwa sababu nilisema kweli."

"Nilikuwa nakasirika kwa sababu ulikosea na siwezi kukwambia. Kila nikifungua mdomo nilikuwa naona litatoka hilo. Sasa ningekwambia ili iweje? Robo fainali ilikuwa imekwenda. Zile sifa ndizo kitu pekee ulichorudi nacho nyumbani. Nikunyang'anye na hizo?"

"Hukunipa nafasi ya kuchagua," Mashoto alisema. "Umeniacha nikahubirie watoto wa watu."

Alitoka bila kuaga. Alitembea mitaa mitatu kabla ya kukumbuka kwamba gari ameliacha mbele ya duka. Kilichomuuma zaidi hakikuwa robo fainali. Alikuwa amekwisha kuizika hiyo, au alidhani hivyo. Kilichomuuma ni kwamba watu wawili waliokuwa wakiuona mstari walijua, na yeye aliyekuwa hauoni ndiye aliyesema, na kwa kusema akampotezea mama wa watu kazi aliyoipenda. Na hata hivyo hakuwa amesema uongo. Alitamani angekuwa amesema uongo. Mwongo angejua pa kuanzia.

Siku ya uzinduzi ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, jua kali, jukwaa limejaa. Filamu ikaonyeshwa kwenye skrini kubwa. Mpira ulipochorewa duara, mama mmoja safu ya mbele akatoa kitambaa. Mashoto aliitwa kwenye kipaza sauti. Juu kabisa, karibu na mlango, alimwona mwamuzi wa mstari amesimama na mkoba wake, ingawa viti vilikuwepo.

Alipiga moyo konde. Alisema kwamba anashukuru kwa uwanja, na kwamba kuna jambo lazima lisahihishwe kabla haujachezewa. "Mpira ule ulikuwa nje," alisema. "Mwamuzi wa mstari aliita sawasawa. Mimi ndiye niliyekosea."

Halafu mtu mmoja akacheka, kicheko cha mapenzi, na jukwaa zima likafuata. Mashoto akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, kwamba hafanyi mzaha, kwamba mwamuzi mwenyewe yuko pale juu na anastahili kuombwa radhi. Watu wakageuka kutazama mlangoni, hawakujua wamtazame nani, wakageuka tena wakapiga makofi. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kusimama. Alimshika Mashoto begani, bega bovu, akainamia kipaza sauti.

"Mnaona wenyewe," alisema. "Mpaka leo hataki sifa."

Akaashiria kwa kidole, muziki ukafunguliwa. Mashoto aliendelea kuzungumza maneno matatu, manne hivi, kabla ya kutambua kwamba kipaza sauti kimezimwa.

Alimkuta mama nje, kwenye kivuli cha ukuta wa vyoo, akinywa maji ya chupa. Mashoto alimwomba radhi, na ilimtoka vibaya, kwa vipande vipande, kwa sababu alikuwa bado na hasira. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wamecheka," alisema.

"Nimewasikia."

"Mimi nilidhani ukisema wewe wataamini. Kumbe wanaamini ukisema wanachokitaka."

Walisimama pale. Ndani watu walikuwa wakipiga picha chini ya bango. Mama akasema kwamba alikuwa kwenye mstari katika mechi zake tisa, si moja. Alimkumbuka akiwa na miaka ishirini, siku ya upepo, amefungwa seti ya kwanza sita kwa bila, akarudi akashinda kwa kupiga mipira ya chini chini ambayo upepo haukuipata. Mashoto akamtazama. Hakuna mtu aliyewahi kumtajia mechi ile. Yeye mwenyewe alikuwa hana hakika kama ilitokea kweli.

"Ile ilikuwa kazi," mama alisema. "Lakini sisi haturuhusiwi kupiga makofi." Akafunga kizibo cha chupa. "Hilo silo lililonileta, lakini."

Jumatatu gazeti liliandika kwamba bingwa alionyesha tena unyenyekevu wake kwa kumtetea mwamuzi aliyekosea. Mashoto alilisoma akiwa amesimama, akaliweka chini, akaliokota akalisoma tena. Alimpigia mhariri. Mhariri alimsikiliza kwa adabu, akamwambia ataliangalia, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hataliangalia. Akaandika barua kwa chama cha waamuzi. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, likimshukuru kwa moyo wake mkubwa.

Ndipo akaamua kwenda mwenyewe. Alimpitia mama kwao, wakaenda wawili, wakakalia benchi la korido mpaka mchana na katibu hakutokea. Mara ya pili alitokea lakini alikuwa na kikao. Mara ya tatu walimkuta. Alikuwa mtu mwembamba mwenye mihuri mingi mezani, hakuwa mbaya, alikuwa na kazi tu. Alitafuta jalada la mama kabatini, akapuliza vumbi, akalifungua. Miaka kumi na mmoja ya kazi ilikuwa kurasa mbili. Mwishoni kulikuwa na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: ameondolewa kwenye orodha, wito usio sahihi, robo fainali.

Mama aliusoma mstari ule kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Kwa miaka kumi na sita hakuwahi kuonyeshwa.

Mashoto akataka ufutwe. Katibu akasema hakuna kinachofutwa katika jalada, kanuni ndivyo zilivyo. Kinachowezekana ni kuongeza maelezo chini yake, na maelezo yanahitaji shahidi aliyeuona mpira. Mashoto akasema yeye yupo. Katibu akakuna shingo, akasema kwa maelezo ya Mashoto mwenyewe, yeye hakuuona.

Kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze Mashoto alitamani kucheka. Alitoka koridoni, akakaa kidogo na simu mkononi, akampigia kaka yake. Walikuwa hawajazungumza zaidi ya mwezi. Alimwambia anahitajika kwenye chama cha waamuzi, aje na kitambulisho. Kaka akauliza kama ni kuhusu lile jambo. Akasema ndiyo. Kaka akauliza kama ni sasa hivi au kesho.

"Sasa hivi. Umeshachelewa vya kutosha."

Alifika baada ya nusu saa, bado na unga wa kushikia raketi kwenye vidole. Alimwamkia mama akiwa ameinamisha macho. Mama akaitikia, akamwambia, "Na wewe ulikuwepo," basi, na kaka akasema ndiyo, alikuwepo. Alikaa, akaandika alichokiona, mahali alipokuwa na umbali wa mpira na mstari. Alipomaliza alimsukumia mdogo wake karatasi bila kumtazama. Mashoto akaandika yake chini, kwa mkono wa kushoto, akiuchafua wino kwa kiganja kama alivyofanya tangu shuleni. Aliandika kwamba alikuwa mwendoni, kwamba hakuuona mpira, kwamba alidhani ameuona.

Katibu alinyoosha mkono achukue, lakini mama alikuwa ameshaichukua. Aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole mstari kwa mstari kutoka juu mpaka chini.

"Tarehe si hii," alimwambia kaka. "Ilikuwa Alhamisi ya tarehe kumi na tisa. Umeandika kumi na nane."

Kaka akasema atasahihisha hapohapo. Mama akasema hapana, karatasi yenye kufutwafutwa haingii kwenye jalada lake. Wakaandika upya, wote wawili, wakibanana kwenye ukingo wa meza ya katibu, na mara mbili Mashoto akampiga kaka yake kiwiko cha kushoto, na mara ya pili si kwa bahati mbaya. Mama akaisoma tena, akaridhika. Muhuri ukapigwa.

Mashoto alidhani wamemaliza, akachukua mkoba wake. Lakini mama alikuwa bado amekaa. Alimuuliza katibu fomu za kuomba tena kazi ya uamuzi wa mstari zinatolewa dirisha gani.

Katibu alimtazama, akatazama tarehe ya kuzaliwa kwenye jalada, akasema ukomo wa umri ni miaka sitini na mitano.

"Nina sitini na miwili," mama alisema. "Kwa hiyo tusipoteze muda."